Kuchagua Siku ya Bahari: Familia ya Nyalikungu Katika Maji ya Unguja

Familia nyingi za Kanda ya Ziwa zinapopanga safari ya Unguja hupanga kwa uangalifu kila kitu isipokuwa bahari yenyewe. Nauli hujulikana miezi mitatu kabla, nyumba ya kufikia huulizwa kwa jamaa, zawadi za kurudi nazo huandikwa kwenye karatasi. Lakini siku ya kupanda mashua kwenda kutazama matumbawe na samaki huachiwa papasi wa kwanza atakayekutana nao pale Forodhani. Nayo ndiyo siku pekee katika safari nzima ambayo uamuzi wa haraka unaweza kuigharimu familia mtoto.

Sisi wa Nyalikungu tuna sababu ya kuliangalia jambo hili kwa makini kuliko ndugu zetu wa pwani. Mji wetu wa Maswa umezungukwa na mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe. Ziwa Victoria limo katika mkoa wetu wa Simiyu, lakini liko kule Busega. Maji tunayoyajua sisi ni ya bomba, ya bwawa la New Sola, na ya malambo ambako mifugo hunywa. Mtoto anayelelewa hapa hukatazwa kuingia lamboni kwa sababu ya kichocho, na akienda kwa shangazi yake Lamadi hukatazwa kuingia ziwani kwa sababu ya mamba. Makatazo hayo ni ya haki, ila matokeo yake ni kwamba mtu hufikia umri wa miaka arobaini hajawahi kuelea juu ya maji hata mara moja.

Juu ya hayo kuna kumbukumbu. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na katika kanda yetu bado wapo wanaoitaja siku hiyo kwa sauti ya chini. Septemba 20, 2018 ikawa zamu ya MV Nyerere, karibu na kisiwa cha Ukara. Ndugu zetu wa Zanzibar nao wana usiku wao wa Septemba 10, 2011, ilipozama MV Spice Islander. Vyombo vyote vitatu vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo wake. Kwa hiyo mama yangu mzazi aliposikia kwamba wajukuu zake watavaa miwani na kutumbukiza vichwa baharini, hakuuliza kuhusu papa wala nyangumi. Aliuliza: mashua hiyo inabeba watu wangapi? Nimesoma vijitabu vingi vya utalii, na sijaona hata kimoja kilichoanza na swali hilo.

Tulikwenda Juni, kwa sababu mbili zinazoeleweka na kila mkazi wa Simiyu: shule zimefungwa, na pamba imekwisha kupimwa. Njia yenyewe haina mengi ya kusimulia. Basi hupita Mwigumbi na Shinyanga hadi Dodoma. Kutoka hapo kuna treni ya umeme ya SGR hadi Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2024 imewapunguzia wazee adha kubwa. Kisha boti ya kasi, saa mbili hivi, hadi bandari ya Malindi. Mama alikaa katikati ya boti, mbali na dirisha, akiwa na tasbihi mkononi na kipande cha tangawizi mdomoni. Tangawizi inafaa kwa kichefuchefu. Inafaa pia kumtazamisha mgonjwa kule mbingu zinapokutana na bahari badala ya sakafuni, jambo ambalo mama hakulitaka.

Juni ina faida ya mfuko, lakini ina upepo wake, na hapa ndipo uchaguzi unapoanza kweli. Watu wa pwani hugawa mwaka kwa pepo. Kusi huvuma kuanzia mwisho wa masika hadi Septemba hivi, ukitokea kusini. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Februari au Machi, ukitokea upande wa pili. Katikati yao bahari hutulia, hasa kuanzia Oktoba. Kisiwa cha Unguja ni kirefu kutoka kaskazini hadi kusini, kwa hiyo kila wakati kuna upande unaopigwa na upande uliojificha. Kusi unapovuma, pwani ya mashariki na ncha ya kusini, yaani Paje, Jambiani na Kizimkazi, hupata mawimbi, na upande wa magharibi unaoutazama Mji Mkongwe huwa na nafuu. Kaskazi unapovuma, ni Nungwi na Mnemba ndizo huchafuka, na ghuba ya Menai kule Fumba hukaa kimya. Mtu aliyeelewa jambo hili dogo amekwisha kufuta nusu ya matangazo anayopewa. Papasi atakuuzia Mnemba mwezi wowote wa mwaka; picha aliyoishika haina upepo ndani yake.

La pili ni mwezi, na katika hili msomaji wa gazeti hili ana faida ambayo mtalii wa Ulaya hana, kwani kalenda ya maji na kalenda yetu ya Hijria ni kitu kimoja. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu katikati ya mwezi, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hufika karibu mita nne. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Maji mengi yanayokwenda na kurudi ndani ya saa sita maana yake ni mkondo wenye nguvu, na mkondo hufukua mchanga, nao mchanga huyatia maji ukungu. Baina ya bamvua mbili kuna maji mafu, takriban mwezi 8 hadi 10 na mwezi 23 hadi 25, ambapo bahari husogea kwa uvivu. Ukijua leo ni mwezi ngapi, umejua bahari itakuwa na tabia gani. Wavuvi hawahitaji simu kwa hilo, wala sisi hatuihitaji.

Nilizungumza na manahodha watatu kwa simu nikiwa bado Nyalikungu, namba nilizopewa na jamaa anayeishi Unguja. Wawili walianza na bei. Wa tatu aliuliza wangapi kati yetu wanajua kuogelea. Nilipomjibu kwamba hakuna hata mmoja, na kwamba yupo mama mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi njooni maji mafu, shehe. Mwezi ishirini na tatu, ishirini na nne hivi. Lile fungu la mchanga mtalikosa, au mtaliona kidogo tu, lakini watoto wataelea salama."

Fungu alilokuwa akilisema ni lile la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe, mchanga mweupe ambao bahari huufunua na kuufunika. Ndilo lililo kwenye picha zote. Kulipata katika ukamilifu wake kunahitaji bamvua, wakati maji yamepwa kabisa. Na bamvua ndiyo siku ya mkondo. Hatuwezi kuwa na vyote viwili, na nyumbani kwetu suala hilo lilijadiliwa kwa siku mbili. Kijana wangu wa miaka kumi na minne alitaka fungu. Alikuwa amekwisha kuwaahidi wenzake picha. Mama watoto alisema maneno machache: picha tutapiga na kobe.

Hapa sina budi kueleza tulichokataa, kwa kuwa msomaji mwingine huenda akakichagua kwa haki. Mnemba, kando ya pwani ya kaskazini mashariki, ni eneo la hifadhi tangu mwaka 2002, na kwa wengi ndilo jina la kwanza linalotajwa. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli ya binafsi, hakuna kushuka. Mtu huogelea pembezoni mwa mwamba. Samaki ni wengi, na mashua nazo ni nyingi, kiasi kwamba katika saa za asubuhi wageni huwa wanapishana juu ya maji kama abiria wa stendi. Kwa asiyejua kuogelea, kuingia kilindini huku injini zikinguruma pande tatu si burudani. Kizimkazi watu huenda kuwaona pomboo. Hadi miaka ya 1990 wavuvi wa kule walikuwa wakiwawinda pomboo kwa ajili ya chambo cha papa. Sasa pomboo huwaingizia fedha wakiwa hai, na hilo ni jema. Lakini baadhi ya mashua huwafukuza, huwakatia njia mbele na kuwarushia wageni majini juu ya migongo yao. Mnyama anayenyonyesha hukosa pumziko kwa namna hiyo. Mwenye kwenda Kizimkazi, mimi ningemshauri aende Dimbani kwanza, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na pomboo awaone kutoka ndani ya mashua iliyozima injini, wakija wenyewe kwa hiari yao.

Fumba ni habari nyingine. Ghuba ya Menai ni hifadhi tangu mwaka 1997, na safari za huko ni za kutwa nzima: mashua ya tanga, visiwa vidogo, matumbawe, kisha samaki wa kuchoma chini ya mwembe au turubai. Kama tungekwenda Desemba, kaskazi ukivuma, ningeichagua Fumba bila ya kusita. Kwa Juni ghuba hiyo inautazama upepo uso kwa uso. Na kwa mtu wa umri wa mama, kutwa nzima juani ni mzigo.

Chumbe nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa maana kwa matumbawe pekee ndiyo ya kwanza. Kisiwa hicho kidogo kina mnara wa taa wa mwaka 1904, msikiti mdogo wa zamani ulioachwa na walinzi wa mnara huo, na mwamba uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, ambako hakuna uvuvi wala kutia nanga. Aina za samaki zilizohesabiwa pale zinazidi 400. Wanafunzi wa skuli za Unguja hupelekwa huko kujifunza, na waalimu wa bara wangefanya vyema kuulizia utaratibu huo. Idadi ya wageni ni ndogo kwa sheria ya hifadhi yenyewe, na bei inalingana na uchache huo. Kwa watu sita haikuwa bei yetu.

Ikabaki Changuu, ambayo wengi huiita Kisiwa cha Prison. Iko kilomita tano au sita kutoka Mji Mkongwe, kama nusu saa kwa mashua. Jengo lililokusudiwa kuwa gereza katika miaka ya 1890 liliishia kuwa karantini ya abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi. Mwaka 1919 kisiwa kilipelekewa zawadi ya kobe wakubwa kutoka Shelisheli, na vizazi vyao vipo hadi leo. Mwamba wa matumbawe uko karibu na ufuko. Si mwamba mzuri kuliko yote, hilo lisemwe wazi. Fadhila yake ni kwamba mtu akichoka, akiogopa au akijisikia vibaya, nchi kavu iko karibu, na aliyebaki ufukoni ana kivuli na kobe wa kuzungumza nao. Na ni upande wa magharibi, uliojificha na kusi.

Bado tulikuwa na jaribio moja mbele yetu. Yule nahodha wa tatu hakuwa na nafasi siku ya mwezi 23, nasi tuliwahi kufika, kwa hiyo tulimpa arubuni mtu mwingine tuliyeelekezwa, kwa makubaliano ya watu wanane ndani ya chombo. Tulipofika ufukoni saa mbili na nusu asubuhi tulikuta watu kumi na mmoja wamekwisha kukaa, na mwito unapigwa kwa familia nyingine. Majaketi okozi yalikuwa yamefungwa kwa waya chini ya ubao wa kukalia, yote ya watu wazima. Nikaomba la mtoto. Nikaambiwa mtoto atashikwa na baba yake.

Hatukupanda. Kulikuwa na maneno kidogo, arubuni haikurudi, na kijana wangu alitembea mbele yetu hadi nyumbani bila ya kusema neno. Fedha ile iliniuma. Lakini mama alipiga hesabu yake kwa sauti, kwa Kisukuma, watu kumi na mmoja kuongeza sisi sita kuongeza wale wanaoitwa, na hakuna aliyekuwa na hoja ya kumjibu.

Kuhusu jaketi, kuna kipimo chepesi ambacho kila mzazi anaweza kukifanya pale pale mchangani. Mvalishe mtoto, funga mikanda yote, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi kumfunika masikio, si lake. Majini litamvuka na kuelea peke yake. Kwa watoto wadogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Anayekuuzia safari na awe na kitambulisho cha leseni ya utalii, na chombo kiwe kimekaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Kuuliza si dharau. Nahodha wa kweli huona fahari kuulizwa, na aliyekasirika amekwisha kujibu.

Siku iliyofuata, mwezi 24 Mfunguo Tatu, tulipanda na yule nahodha wa simu. Tulikodi mashua nzima. Ukigawa bei kwa vichwa, tofauti na kuchanganyika na wageni wengine si kubwa kama inavyodhaniwa, na kwa familia ya Kiislamu kuna nafuu ambayo haiandikwi kwenye orodha ya bei: mama na binti huingia majini katika stara yao bila ya macho ya watu wasiowajua, na hakuna anayefungua chupa isiyofaa pembeni ya watoto wako.

Stara ina elimu yake majini, na nadhani wanawake wengi huikosa bahari kwa kukosa elimu hiyo. Baibui la kawaida ni la hatari, kwa kuwa huloa, huwa zito na kuzingira miguu. Kanga ndiyo mbaya zaidi. Kinachofaa ni kitambaa cha nailoni kisichonyonya maji, suruali na kanzu fupi isiyobana inayofika magotini, na hijabu ya kitambaa hicho hicho inayokaa sawasawa kichwani. Mama watoto alimpa fundi wa Maswa mjini ashone mbili, yake na ya binti. Mkanda wa miwani hupita juu ya hijabu. Ukingo wa mpira unaokaa usoni haupaswi kukanyaga kitambaa hata uzi mmoja, la sivyo maji yataingia. Wanaume wasicheke. Masharubu nayo hupitisha maji vile vile, na nilipakwa mafuta ya mgando juu ya mdomo mbele ya watoto wangu.

Mazoezi yalikuwa yameanza nyumbani, kwa beseni. Kila jioni kwa majuma mawili watoto waliinamisha nyuso majini na kutoa pumzi polepole huku wengine wakihesabu. Jambo hili linaonekana la mzaha, ila shida kubwa ya asiyejua kuogelea si mikono wala miguu. Ni hofu ya uso kuwa ndani ya maji. Aliyezoea beseni huhitaji tu kuambiwa kwamba sasa beseni ni kubwa. Nahodha alitusimamisha kwanza kwenye maji ya kiunoni, akatufundisha kupumua kwa mdomo kupitia mrija, na kupuliza kwa nguvu maji yakiingia. Hakumruhusu mtu kwenda mbele mpaka alipofanya hivyo mara tatu. Maji yalikuwa yanakaribia kujaa. Nahodha alisema yangesimama kati ya saa tano na saa sita, na ndio muda aliotutaka tuwe mwambani.

Tuliingia tukiwa na majaketi, tumeshika boya la mviringo, mama watoto na binti yetu wa miaka kumi na mmoja upande mmoja, mimi na kijana upande wa pili, na baharia akilivuta boya kwa kamba polepole. Mdogo wao wa mwisho alibaki ufukoni na bibi yake. Kwa dakika za mwanzo sikuona chochote kwa sababu nilikuwa nikisikiliza pumzi zangu. Kisha nikawaona pono wakitafuna matumbawe, na sauti ya meno yao ikasikika wazi majini kama mtu anayetafuna bisi. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba chini ya bahari kuna sauti.

Binti ndiye aliyemwona taa. Kwetu bara neno hilo lina maana ya kibatari au balbu, na njiani watoto walikuwa wamecheka sana waliposikia kwamba baharini kuna samaki aitwaye taa. Alikuwa amejilaza mchangani chini ya ukingo wa jiwe, kama mita mbili chini yetu: umbo la sahani, rangi ya hudhurungi iliyoelekea njano, na mwili mzima madoa ya buluu yaliyong'aa kiasi kwamba jina lake halikuwa na kichekesho tena. Mkia ulikuwa na mistari miwili ya buluu. Alitutazama, au tulidhani anatutazama, kisha kingo za mwili wake zikapepea kama ushungi na akaondoka, akaacha vumbi la mchanga. Yote hayo hayakufika nusu dakika. Binti alitoa mrija mdomoni ili apige kelele, akameza maji ya chumvi, akakohoa, akacheka.

Taa ana mwiba mkiani, wenye sumu. Mwaka 2006 mtengeneza filamu maarufu wa Australia, Steve Irwin, alifariki dunia baada ya kuchomwa kifuani na taa mkubwa, na tangu hapo watu humdhania samaki huyu kuwa ni adui. Vifo vya namna hiyo ni vichache mno. Taa hashambulii, humchoma anayemkanyaga. Kwa hiyo katika maji mafupi yenye mchanga mtu asiinue miguu kama anayepanda ngazi, bali aikokote chini, ili taa asikie na aondoke. Akichomwa, mguu uingizwe katika maji ya moto kiasi mtu anachoweza kustahimili bila ya kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, maana joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo. Kisha apelekwe hospitali, kwani kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani.

Yapo mahali ulimwenguni ambako watu hulipa ili wawashike. Katika kisiwa cha Grand Cayman, bahari ya Karibi, wavuvi walizoea kusafisha samaki katika maji tulivu nyuma ya mwamba, na taa wakazoea kuja kula matumbo yaliyotupwa. Utalii ukaingia. Leo abiria wa meli kubwa za starehe hushushwa pale, husimama mchangani maji yakiwa kiunoni, na hulisha taa kwa mikono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba taa hao, ambao kwa maumbile hutafuta chakula usiku na kila mmoja kivyake, wamegeuka kuwa wa mchana na wa makundi. Nilimweleza nahodha wetu habari hiyo wakati tunapanda mashua. Akasema hapa hakuna anayewalisha, na akasema pia kwamba wapo wageni wanaoomba afanye hivyo. Vivyo hivyo wapo wanaotaka kiti cha pweza kitolewe majini ili wapige nacho picha, na kiumbe huyo hufa kwa mchezo huo. Sisi tunaopakana na Serengeti hatuhitaji somo refu hapa. Mgeni akishuka garini kumshika nyumbu, tungemshangaa.

Adhuhuri ilitukuta kisiwani. Mama alikuwa amekaa chini ya mti na mjukuu wake, akimlisha kobe mmoja majani kwa adabu kubwa, na alitaka kujua kobe huyo ana umri gani; kuna walioandikwa tarakimu mgongoni. Tulitia udhu, tukaswali pale pale mchangani, tukikusanya na kupunguza kwa rukhsa ya msafiri. Nahodha alielekeza mkono kaskazini. Unguja kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, wakati kwetu Maswa huelekea kidogo mashariki, na mama aliuliza mara mbili kabla hajaridhika. Wakati wa kurudi tulipita kandokando ya Nakupenda. Kijana alisimama na simu yake, akapiga picha ya maji ya kijani na ukanda mwembamba wa mchanga ambao hakuna mtu aliyekuwa amesimama juu yake.

Asubuhi yake tulikwenda soko la Darajani kununua viungo. Kwenye meza za samaki kulikuwa na taa watatu wamelazwa kifudifudi, wakubwa, wa rangi ya kijivu, wasio na doa lolote. Muuzaji alimweleza mama kwamba wakikaushwa hutoa mchuzi mzuri wa nazi. Binti aliwakagua mmoja mmoja, akaangalia na mikia, akasema huyo wa jana hayupo. Mama akanunua changu.